Simu inachaji kwa kusuasua? Anza na waya, betri iache kwanza

Inaudhi kuona mtu amelipia betri mpya, kisha simu ikaendelea kuchaji kwa kusuasua vilevile. Betri ni ya mwisho kushukiwa. Kagua waya kwanza, halafu tundu la chaji, halafu chaja yenyewe.

Waya husahaulika kwa sababu kwa nje zote zinafanana. Tofauti iko kwenye unene wa shaba iliyo ndani. Shaba nyembamba ya kipimo cha AWG 28 (AWG ni kipimo cha unene wa waya; namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi) ina ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa takriban omu 0.21 kwa mita, na umeme huupitia mara mbili, kwenda na kurudi. Pitisha ampea 2 kwenye waya wa mita moja wa aina hiyo, na karibu volti 0.85 zitapotelea njiani. Chaja inatoa volti 5, simu inapata kama 4.15, ilhali betri ya lithiamu yenyewe hujaa ikifika volti 4.2 au zaidi kidogo. Simu ikiona volti zinashuka, hupunguza ampea inazovuta, na saa za kuchaji zinarefuka. Kwa AWG 24, iliyo nene zaidi, upotevu haufiki volti 0.35. Ndiyo maana napendekeza waya mnene na mfupi, usiozidi mita moja. Waya mrefu ulio mwembamba ni hasara tupu, hata ukiwa umesukwa nyuzi za kupendeza kwa juu.

Jaribio ni rahisi: chaja ileile, soketi ileile, badilisha waya tu. Kasi ikirudi, umeshapata jibu.

Tundu lina dalili zake. Plagi haizami hadi mwisho, inacheza, au chaji inakatika ukiigusa. Hapo ndani kuna nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa na plagi yenyewe kila inapoingia. Zima simu, mulika kwa tochi, kisha chukua kijiti cha meno cha mbao ukichonge kiwe chembamba zaidi. Kipitishe kando ya ukuta wa tundu na ukokote uchafu kuja nje, taratibu. Usiguse kile kiulimi cha katikati ya tundu la USB-C, na sindano au pini usizikaribishe kabisa: miguso ya umeme, yaani vipande vya chuma vinavyopitisha chaji, imekaa juu ya kiulimi hicho, ikikwaruzwa au kupinda, sasa fundi utamhitaji kweli. Kupuliza kwa mdomo nako ni kuingiza unyevu.

Kwenye chaja, soma maandishi madogo ya pato (Output). Zidisha volti kwa ampea upate wati: 5V na 2A ni wati 10, 9V na 3A ni wati 27. Ila baadhi ya simu zina mfumo wao wenyewe wa kuchaji haraka, na hazifiki kasi yake bila chaja na waya vinavyouelewa, hata kama chaja nyingine ina wati nyingi zaidi.

Kupungua kasi baada ya asilimia 80 ni kawaida. Simu ikipata moto pia hupunguza kasi makusudi, hivyo vua kava na usiichaji juani.

Yote hayo yakiwa sawa, na simu bado inazimika ghafla ikionyesha asilimia 20, hapo betri imechoka. Kama mgongo wa simu umefura, acha kuichaji mara moja, izime, usiubonyeze wala kuutoboa, umpelekee fundi.