Yule mtu aliyekuja mbio

Assalaam alaykum ndugu zangu, Ijumaa imefika tena alhamdulillah, mnisamehe wiki hii nimechelewa kuandika, mvua huku Pemba haijatupa nafasi na umeme nao ndo kama mnavoujua.

Hebu nikuulizeni. Sura ya Yasin tunaisoma kila usiku wa Ijumaa, hitmani tunaisoma, mgonjwa akizidiwa tunaisoma, wengine wetu aya zote 83 tunazo kichwani toka tuko chuo cha Qur-ani tunachapwa bakora. Sasa pale aya ya 20, yule mtu anaekuja mbio kutoka mwisho wa mji, ushawahi kusimama pale ukamfikiria? Mie kusema kweli nilikuwa napita tu, sauti inavuta, watu wanawahi ile aya ya mbele, salamun qawlan, na chai ishanukia tangawizi huko ndani.

Mji ule ulipelekewa wajumbe 2, wakakadhibishwa, akaongezwa wa 3, na watu wakawaambia wazi kabisa kuwa msipoacha tutakupigeni mawe. Hapo ndo anatokea huyo mtu. Qur-ani haikumtaja jina, wafasiri ndo wanamwita Habib na wanasema alikuwa seremala, anatoka huko pembezoni, hakuna aliemwita wala aliemuuliza rai yake, anakuja mbio na neno lake la mwanzo ni "enyi watu wangu". Watu wangu! Wafasiri wanasema walimuua hao hao, na alipoambiwa ingia Peponi bado anawatamani, anasema laiti watu wangu wangelijua. Mie ningekuwa nishawasahau zamani.

Sasa nikwambieni kwa nini nimemuwaza wiki hii.

Babu yetu alifariki, Allah amrehemu, akaacha mikarafuu 48. Ameacha mke, yaani bibi yetu yuko hai, na watoto 5, wanaume 2 ambao ni ami mkubwa na baba yangu, na wanawake 3, mashangazi zangu. Tukaitwa kikao baada ya Isha. Ami akakohoa, akasema shamba ni la wanaume, 24 kwangu 24 kwa mdogo wangu, dada zetu wameolewa wana waume zao, na mama atakula kwetu. Basi, fatiha, watu wanyanyuke.

Mie nasomesha mirathi chuoni. Nimekaa pale kwenye jamvi na hesabu inajipiga yenyewe kichwani, bibi ana thumuni yake, yaani fungu moja katika 8, mikarafuu 6, zinabaki 42, wanaume 12 kila mmoja, mashangazi 6 kila mmoja. Hesabu hizi nawaandikia watoto ubaoni kwa chaki na wakikosea nawakaripia, na aya iko wazi katika Sura ya Nisaa, halihitaji hilo shekhe wala kadhi. Nikanyanyua mikono nikaitikia amin pamoja nao.

Nilipofika nyumbani nikajiambia ile ilikuwa adabu, mdogo hamkosoi ami yake mbele za watu. Na kweli sisi tumelelewa hivo na ni malezi mazuri. Lakini usingizi haukuja, nikajipekua vizuri nikaona adabu ilikuwa kidogo tu, woga ulikuwa mwingi, na chini kabisa kuna kitu nnaona haya kukiandika, kwamba zile 24 za baba siku moja zitakuwa zangu mie na ndugu zangu. Nilikuwa nanyamazia mfuko wangu.

Ile hadithi ya aonae ovu alibadilishe kwa mkono, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo, sote tunaijua. Lakini wengi wetu hatujui ilisemewa wapi. Iko kwa Imam Muslim, ilikuwa siku ya Idi, Marwan, amiri wa Madina, kataka kutoa khutba kabla ya sala, akasimama mtu mmoja akamwambia sala ni kabla ya khutba, ndipo sahaba Abu Said Al-Khudri akasema huyu katimiza lilio juu yake, kisha akaitaja hadithi. Na huyo nae kaitwa mtu tu, hana jina. Sijui mnanielewa? Si amiri, si msemaji, ni mtu katika safu.

Na kama ulimi mzito, Nabii Musa nae alilalamika kifua kinabana na ulimi haufunguki, akaomba dua ile tunayosoma siku za mitihani, Rabbi shrah li sadri, akaomba na nduguye Haruna afatane nae. Wakaambiwa wakamwambie Firauni maneno laini. Firauni huyo! Sasa ami yangu ana kosa gani hata nimuendee kwa ukali, au nisimuendee kabisa?

Basi juzi baada ya Alfajiri nikamuanza baba, maana ndo Haruna wangu niliempata. Sauti inatetemeka kama mtoto anaepimwa juzuu. Sikumaliza vizuri hata hesabu, nikachanganya 6 na 12, mwalimu mzima. Baba kanyamaza muda, akasema, "Mbona hukusema siku ile?" Sikuwa na jawabu.

Jioni nikapita kwa shangazi mdogo, nikamwambia. Siku ya kikao wao walikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenziwe. Akanitilia chai, akanambia, "Mie siku ile sikuwa namsikiliza kaka, nilikuwa nakusikiliza wewe mwalimu."

Ami salamu yangu ya jana hajaijibu, naona khabari zishamfikia. Jumapili baada ya Isha tunakaa tena, baba kasema atakuwa upande wangu lakini maneno niseme mie. Niombeeni.