Kumwita pitcha faulo inning ya kwanza

Jana nilikuwa ampaya wa besi, yaani mwamuzi anayesimama karibu na besi, kwenye mechi ya softiboli ya wasichana, na jamani bado naiwaza hadi sasa hivi. Pitcha (anayemrushia mpigaji mpira) wa timu moja ana nguvu balaa ila mguu wake unaruka, unatua mbele ya ubao anaotakiwa kuukanyaga akirusha, halafu anajisukuma tena kutoka pale pale ndo anaachia mpira. Hiyo hairuhusiwi, anatakiwa ajisukume kutoka kwenye ubao tu, maana kutoka ubao hadi hombesi, pale anaposimama mpigaji, ni futi 43 na ukiiba hatua moja unamnyima mpigaji muda wa kuuona mpira.

Kabla sijaita faulo nikaangalia mchanga. Anayeburuta mguu vizuri vidole vyake huacha mstari mmoja unaoendelea, huyu mstari ulikatika na mbele yake kuna kishimo kabisa, kama mtu kachimba kwa kisigino. Nikanyoosha mkono wa kushoto, ngumi imefungwa, ndo ishara ya faulo hiyo. Mpigaji hakupiga, akapewa boli, yaani mrusho ukahesabiwa kuwa mbovu.

Kocha akaja juu, "mbona wiki iliyopita hakuna aliyesema kitu?" Na hapo kusema kweli ndo paliponiuma, kwa sababu ni kweli, waamuzi wenzetu wengi wanaliacha kosa hili, eti mtoto atalia, mechi itachelewa. Mwamuzi mwenzangu wa nyuma ya ketcha (mdaka mpira) simlaumu, yeye macho yako kwenye mpira, mguu ni kazi yetu sisi wa besi.

Nikamwita faulo mara tatu. Inning ya nne akaanza kuburuta mguu vizuri, na bado alikuwa anawatoa wapigaji.