Siku niliyopandisha tovuti ya mabasi, na seva ikasoma saa yake

Saa 11:30 alfajiri

Alhamisi, siku ya kupandisha. Nimeamka kabla ya kengele kama mtu mwenye safari. Kabla ya chai naangalia LUKU: yuniti 14, zinatosha mpaka kesho. Bando la simu nalo nimelijaza jana usiku, maana intaneti ya nyumbani ina tabia ya kupotea siku unayoihitaji.

Mteja wetu ni kampuni ya mabasi ya mikoani, ofisi yao kubwa iko stendi ya Magufuli pale Mbezi. Tovuti yao ya zamani ilikuwa inamtupia abiria kazi yote: simu inapakua mzigo mzima wa JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari chenyewe, halafu ndiyo ianze kujichorea ukurasa yenyewe. Mwenye simu ya bei mbaya akiwa mjini haoni tatizo. Mwenye simu ndogo, mtandao unakuja na kukatika huko njiani baada ya Chalinze, anatazama skrini nyeupe mpaka anakata tamaa na kupiga simu ofisini. Mpya tumeijenga kwa Next.js, zana ya kujengea tovuti, na ukurasa unapikwa kwenye seva. Unamfikia abiria ukiwa umeiva: HTML yenye njia, nauli na muda ndani yake. JavaScript inafuata nyuma kuvipa vitufe uhai.

Saa 1:45 asubuhi

Simu na mwenzangu anayeshughulikia hifadhidata. Tunakubaliana kuhamisha saa 8 mchana. Wengi hupandisha usiku wa manane eti hakuna watu, mimi sipendi. Usiku wa manane ukikwama unakwama peke yako, na akili imeshalala. Kwa mabasi, saa 8 mchana ndiyo saa mfu: ya asubuhi yameshafika mbali, na wanaokata tiketi za kesho bado wako kazini. Wataanza kumiminika saa 12 jioni. Kwa hiyo nina saa nne za kuharibu na kutengeneza.

Ananiuliza kwa nini isiwe kesho. Ijumaa haipandishwi kitu, namwambia. Anacheka, anajua.

Saa 3:10 asubuhi

Ujenzi wa kontena, kile kifurushi kinachobeba programu na vyote inavyohitaji ili kuwaka, umefeli. Seva inadai faili la KadiYaBasi halipo, na mimi naliona kwa macho yangu kwenye laptopu. Jibu ninalijua kabla hata sijamaliza kusoma hitilafu, kwa sababu limeshanipiga mara mbili maishani. Laptopu yangu ni Windows, haitofautishi kadiYaBasi na KadiYaBasi. Linux kwenye wingu inatofautisha. Nilibadilisha herufi ya kwanza wiki iliyopita, na Git, inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, kwenye Windows ikalichukulia lile lile faili, haikuandika mabadiliko yoyote. Amri moja ya `git mv`, nikasukuma tena, nikaenda kuchemsha chai.

Saa 4:20 asubuhi

Kontena limejengwa, limepanda Cloud Run, jukwaa la Google la kuendeshea makontena, na nimelipa asilimia sifuri ya watembeleaji. Hicho ndicho nilichokipendea jukwaa hili: kila ukipandisha linatengeneza toleo jipya, unaloweza kulipa anwani yake ya majaribio, na la zamani linabaki palepale. Ukishajiridhisha ndipo unahamisha watu.

Nafungua anwani ya majaribio. Ukurasa uko uchi. Maandishi meusi juu ya weupe, viungo vya buluu vimepangwa kama orodha ya harusi, nembo ya basi haipo, picha hazipo.

Hili halikuwa limewahi kunikuta. Ili kontena liwe jepesi nilikuwa nimeiwasha ile namna ya Next.js iitwayo standalone, inayokusanya vile tu seva inavyohitaji ili kuwaka na kuacha mengine. Kontena lililokuwa linapita gigabaiti moja likashuka mpaka megabaiti mia mbili na kitu, nikajisifu. Nilichopitiwa ni kwamba haibebi folda ya `public` wala `.next/static`. Hizo unazinakili mwenyewe kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga kontena. Wenye mtandao wa kusambazia mafaili huzipeleka huko, ndiyo maana hazimo. Mistari miwili ya COPY, dakika sita za kusubiri, ukurasa ukavaa nguo zake.

Na bandari, yaani namba ya mlango wa seva: seva isikilize kwenye namba inayopewa na jukwaa kupitia PORT, ambayo bila kubadilishwa ni 8080, na isikilize kwenye 0.0.0.0, yaani pande zote, si kwenye localhost, inayosikika ndani ya kontena lenyewe tu. Ukisikiliza localhost ndani ya kontena ni kama kuitikia hodi ukiwa umejifungia stoo. Hilo nililiweka sawa mapema, namshukuru Mungu.

Saa 5:30 asubuhi

Nimepata ujumbe kutoka kwa meneja wa kampuni: "Kijana, hiyo seva iko wapi hasa?" Namjibu: Johannesburg, mzee. Ya zamani ilikuwa Ujerumani. Google walifungua kituo chao cha Johannesburg mwaka 2024, na kutoka Dar jibu linarudi upesi zaidi kuliko likienda Ulaya na kurudi. Kwa ukurasa unaopikwa kwenye seva umbali huo una uzito, kwa sababu abiria hapati hata neno moja kabla seva haijajibu.

Akauliza swali zuri kuliko nilivyotegemea: "Na ile siku intaneti ilipokufa?" Anakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na nusu ya Afrika Mashariki ikabaki inakwaruza. Siku kama ile Johannesburg haisaidii, nikamwambia ukweli. Siku kama ile daftari la tiketi la karatasi linarudi mezani. Akajibu: "Daftari lipo."

Saa 7:00 mchana

Wali maharage na kachumbari, nimesimama. Huku nakagua DNS, daftari la mtandao linalosema jina la tovuti liko kwenye seva ipi. Rekodi ya jina la tovuti ilikuwa na muda wa kukumbukwa wa sekunde 86400, yaani siku nzima: ukibadilisha anwani leo, kuna watu watapelekwa kwenye seva ya zamani mpaka kesho. Juzi niliishusha hadi sekunde 300. Lazima ushushe mapema, kwa sababu mitandao inaendelea kuheshimu ule muda wa zamani mpaka uishe. Cheti cha usalama nacho nilikiomba jana kwa kuthibitisha jina kupitia rekodi ya DNS, kisije kikaanza kutengenezwa watu wakiwa mlangoni.

Saa 8:05 mchana

Nimebadilisha rekodi. Dakika tano, kumi. Logi zinaanza kutiririka: Dar, Dodoma, Mwanza. Najaribu kwenye simu yangu, ukurasa unafunguka papo hapo. Mwenzangu anatuma emoji ya basi.

Saa 8:40 mchana

Simu inaita. Ni yule mama wa dirisha la tiketi, ambaye ofisi nzima inamwita Bibi Tiketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Basi la Mwanza limebadilishwa saa?"

"Hapana mama, saa 12:00 asubuhi kama siku zote."

"Sasa mbona kwenye simu yangu limeandikwa saa 9:00 usiku?" Kimya kidogo. "Ngoja. Limeruka. Sasa hivi linasema saa 12:00."

"Limeruka vipi?"

"Limeruka mwanangu! Lilikuwa tisa, nimelitazama, limekuwa kumi na mbili."

Mwili ulinipoa. Nikafungua kwenye laptopu: saa 12:00 asubuhi. Simu yangu: saa 12:00 asubuhi. Ningeweza kumwambia mama wa watu macho yamemchezea, na nakiri hilo lilinipitia kichwani. Badala yake nikauomba ukurasa bila kivinjari, nione seva inatoa nini hasa:

`curl -s [anwani ya safari ya Mwanza] | grep -o 'saa [0-9:]* [a-z]*'`

Ikajibu: saa 9:00 usiku.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye hifadhidata basi la Mwanza limeandikwa 03:00 kwa saa ya dunia, UTC, na huko ndiko sahihi, kwa sababu sisi tuko saa tatu mbele. Programu yangu inachukua saa ya mahali ilipo, kisha inaigeuza kuwa saa ya Kiswahili. Kwenye laptopu yangu, mahali ni Dar: 6 asubuhi ya Kizungu, ikawa saa 12. Kontena kwenye wingu halina nyumbani, linaishi UTC: 3 usiku wa manane ya Kizungu, ikawa saa 9. Seva inapika ukurasa kwa saa yake na kuutuma. Halafu JavaScript inafika, inahesabu upya kwa saa ya simu ya abiria, inaona haifanani, inasahihisha. Kwangu mimi na mtandao wangu huo mruko ulikwisha kabla sijapepesa. Kwa Bibi Tiketi ulichukua sekunde kadhaa. Kwa abiria ambaye JavaScript haikumfikia, yule ambaye seva tuliijenga kwa ajili yake, saa 9 usiku ingebaki saa 9 usiku.

Na angeamini! Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, saa 9 usiku si muda wa kushangaza. Angeamka, angechukua bodaboda gizani na begi lake, angekaa stendi saa tatu.

Saa 8:52 mchana

Nimerudisha DNS kwenye seva ya zamani. Sekunde 300. Tovuti zote mbili zinasoma hifadhidata ile ile, hakuna tiketi iliyopotea. Mwenzangu alitaka tutengeneze hewani, "ni mstari mmoja tu". Ni kweli ni mstari mmoja. Lakini mstari mmoja unaoandikwa watu wakiwa wanasoma muda wa kuondoka ni mstari nisioutaka.

Saa 9:30 alasiri

Njia ya mkato ni kuipa seva kigezo cha TZ chenye saa za Dar, basi. Nilikaribia kuichukua. Ila nikamkumbuka shemeji yangu aliyeko Muscat, ambaye ndiye humkatia mama yake tiketi. Oman wako saa moja mbele yetu. Seva ingemwandikia saa 12:00 asubuhi, halafu simu yake ingesahihisha kuwa saa 1:00, na mama angelikosa basi. Kwa hiyo basi linaloondoka Mbezi lisomwe kwa saa ya Mbezi, iwe ni seva inayosoma au simu ya mtu aliye popote. Nikaiondoa `getHours`, inayosoma saa ya mahali programu ilipo, kila ilipokuwepo, nikaweka `Intl.DateTimeFormat` yenye ukanda wa `Africa/Dar_es_Salaam` uliotajwa waziwazi.

(Kwa watani wangu wa Kenya, msisome hapa: kwenye orodha ya dunia ya kanda za saa, Dar es Salaam ni kiungo tu kinachoelekeza Nairobi. Nimegundua leo na nimenuna.)

Kingine: usitegemee maktaba ikusogezee zile saa sita za tofauti kati ya saa ya Kizungu na ya Kiswahili. Hata ukiiambia lugha ni Kiswahili cha Tanzania, namba itabaki 6. Kugeuza ni kazi yako, na kuamua saa 11 ni alfajiri au usiku ni kazi yako pia. Tulibishana dakika kumi nzima kuhusu saa 10. Tukampigia Bibi Tiketi. Alfajiri, akasema, na mjadala ukafungwa.

Nikazima JavaScript kwenye kivinjari, nikapitia safari zote 41 moja moja na ratiba ya karatasi pembeni.

Saa 11:15 jioni

Mara ya pili. Toleo jipya, asilimia kumi ya majaribio hakuna, yote. Rekodi ikabadilishwa, na safari hii `curl` kwanza, kivinjari baadaye. Saa 12:00 asubuhi. Nikampigia Bibi Tiketi.

"Linaruka?"

"Haliruki. Limetulia."

Saa 2:00 usiku

Msongamano wa jioni umepita salama. Nimeacha kontena moja liwe macho muda wote. Jukwaa likiachiwa hulala kabisa pasipokuwa na watu, nafuu kwa bili, lakini wa kwanza kubisha hodi anasubiri likiamka. Meneja amekubali kulilipia baada ya kumweleza kwa mfano wa dereva anayelala ndani ya basi.

Saa 5:50 usiku

Ningekuwa nimelala, ila kuna jambo moja la kuona kwa macho. Kila safari ina kibandiko cha "Leo" au "Kesho". Kwa saa ya UTC siku ingegeuka saa 9 usiku wetu, yaani kwa saa tatu nzima tovuti ingekuwa inaishi jana. Nimekaa kitandani na simu.

5:59, basi la Mwanza: Kesho. Nikasubiri. Nikaburuta ukurasa chini.

Leo.

Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia Bibi Tiketi aliyekuwa zamu ya usiku, na majigambo kidogo: Ijumaa imeingia saa 6 kamili, mama. Baada ya dakika mbili ukaja ujumbe wa sauti, nyuma yake honi na wapiga debe.

"Mwanangu, sisi wa Tanga usiku wa Ijumaa umeingia tangu magharibi. Hiyo tovuti yako imechelewa saa sita. Lala."