Mtoto Yuko Wapi?

Jirani yangu alikuwa akisubiri amri ya mahakama ili amwasili binti wa miaka mitatu, akaniomba riwaya ya kupitishia jioni. Nikampa Silas Marner ya George Eliot, ya mwaka 1861, inayosimulia Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19. "Ni habari za mtoto wa kulelewa," nikamwambia, basi.

Siku ya nne akakileta kitabu. "Dada, niko sura ya 6, wanaume wanabishana kilabuni juu ya ng'ombe. Mtoto yuko wapi?"

Kosa langu. Eppie, mtoto mwenyewe, haingii mpaka sura ya 12. Kabla yake ni Silas, mfumaji wa kitani, aliyesingiziwa wizi na wenzake wa kanisani, akahamia kijiji cha Raveloe na kuishi miaka 15 akihesabu dhahabu yake usiku, mpaka ikaibiwa: pauni 272 na ushei. Sura za 1 na 2 usiziruke, maana bila dhahabu ile hutaelewa kwa nini, mkesha wa Mwaka Mpya, macho yake mabovu yanaona kitu cha njano mbele ya moto na mkono wake ukagusa nywele laini. Mama wa mtoto amelala nje thelujini, amelewa afyuni, amekufa. Ya 6 iruke tu, ndiyo inayokwamisha wengi. Utairudia ukishaipenda Raveloe.

Tukaifungua ya 14 palepale mlangoni. Silas anamfunga Eppie kiunoni kwa utepe wa kitani, ncha nyingine kwenye kitanda cha kufumia, ili asitoroke. Siku moja anasahau mkasi; mtoto anakata utepe na kuishia kwenye kidimbwi, kiatu kimejaa maji. Kumchapa hawezi. Anamtia kwenye kistoo cha makaa ya mawe, kisha anamwogesha na kumvisha nguo safi. Akigeuka tu, mtoto kajirudisha mwenyewe kistooni, uso mweusi tii, anafurahi.

Jirani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akauliza, "Na huyu Silas, karatasi za mtoto anazo?"

"Hana. Uingereza haikuwa na sheria ya kuasili mpaka 1926."

"Baba mzazi akijitokeza je?"

"Anajitokeza, baada ya miaka 16. Sura ya 19."

Akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakirudisha mkobani.