Gari ya mkononi ya kwendea kazini, na hii habari ya "iwe namba D"

Kila ikifika Desemba, vikoba vikivunjwa na watu wakigawana hela zao, naanza kupokea meseji zinazofanana. "Kaka nina milioni 8 na nusu, nataka kagari ka kwendea kazini, nichukue nini?" Alafu kabla sijajibu inaingia ya pili, "ila iwe namba D". Leo nimeona niandike kabisa maana hizi hela watu wamezichanga mwaka mzima, wengine miaka, na inaniuma sana nikiona mtu anazimwaga zote kwa dalali kwa sababu ya herufi moja kwenye kibao cha namba.

Ile herufi inakuonyesha gari iliandikishwa lini hapa Tanzania, basi. Haisemi ilitengenezwa lini Japan, na haisemi aliyekuwa nayo alikuwa anamwaga oili kwa wakati au alikuwa anaongezea tu juu kwa juu. Chukua hizi IST za kwanza ambazo ndo zimejaa mjini, Toyota walizitengeneza kuanzia 2002 mpaka 2007, kwahiyo IST namba C na IST namba D zinaweza kuwa zimetoka kiwandani mwaka mmoja kabisa, ila moja ilitangulia kupanda meli. Ni kweli iliyokuja baadae mashimo yetu imeyala kwa miaka michache, hilo silikatai. Lakini ukikuta tofauti ya bei ni milioni 2, jiulize milioni 2 ukiingia nayo kwenye maduka ya spea ya Gerezani pale Kariakoo unatoka na nini. Shokapu nne, bushi zote, stabilaiza linki, matairi manne, betri, na chenji inabaki.

Ukitaka umri wa gari vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho wake, kule chini kabisa karibu na sakafu kuna kilebo na mwaka umeandikwa. Vuta na wa abiria. Miaka ikipishana sana muulize muuzaji kwanini, mikanda haibadilishwi hovyo, mara nyingi ukiona imebadilishwa gari iligongwa.

Sasa kabla ya jina la gari mi huwa namuuliza mtu unakaa wapi na kazi iko wapi. Mdogo wangu anakaa Chanika hapa Dar na anafanya kazi Posta, katikati ya mji, kwenda na kurudi ni kama kilomita 70, na ni zile za Pugu, Gongo la Mboto, Banana, yani gia namba moja na mbili asubuhi mpaka jioni. Alikuwa ameshaipenda Premio moja ya zamani ya enjini ya cc 1800, na kwa kweli ilikuwa imetulia, siti safi, buti kubwa, na bei yake ilikuwa inalingana na Vitz ya 1300. Tukakaa tukapiga hesabu. Enjini ya 1300 kwenye foleni ya vile weka kilomita 12 kwa lita, ile Premio weka 8 na nusu, petroli weka 3,000 japo EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wanaibadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Vitz inakula lita 6 kasoro kwa siku, Premio 8 na kidogo. Hiyo ni kama 7,000 kila siku inayopotea, siku 22 za kazi inapita laki na nusu, na kwa mwaka unaongelea karibu milioni 2. Akaniangalia akasema, "Kaka, hiyo si ndo ada ya mwanangu hiyo." Na hapo hatujagusa kwamba enjini za 1ZZ za mwanzo, ambazo ndo zimo kwenye Premio kama ile, zina sifa ya kula oili.

Mwingine anakaa Kimara, kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko mlangoni na ofisi iko Kivukoni. Huyo kwa kweli mi namshauri gari iwe ya wikiendi na mvua, asiihesabu kama ya kila siku. Na aliyejenga ndani ndani huko ambako ukitoka lami una kilomita mbili za makorongo, Passo utaichunachuna bampa na sampo, lile bakuli la oili chini ya enjini, mpaka uichukie, bora IST ambayo imeinuka kidogo.

Kwa hela za kuanzia milioni 7 mpaka 10 na ushee majina ni yaleyale, Vitz, IST, Passo, Raum, Spacio, Starlet za zamani, na upande wa pili kuna March, Demio, Fit, Swift. Mi nabaki na Toyota na sababu yangu ni spea tu. Enjini za 1NZ na 2NZ zimefungwa kwenye IST, Raum, Probox, Porte, Funcargo, Spacio na Corolla za kipindi hicho, kwahiyo sensa ikifa saa nne asubuhi saa sita unayo mkononi, mpya au yusdi ya Ilala, na fundi wa chini ya mwembe anaijua kuifunga. Zinatumia cheni, hutofikiria mkanda wa taimingi kama kwenye Starlet. Passo za 1000, na Vitz za 1000 za kuanzia 2005, zina pistoni tatu, zikiwa silensa yani zimesimama enjini inaunguruma tu zinatetemeka kidogo usishtuke ndo zilivyo, na kwa mtu anaeenda kazini peke yake hamna kitu kitakachomshinda kwa wese, ila ukijaza watu wanne na AC ukaanza kupanda mlima utaisikia inalalamika. Fit ni gari nzuri sana, lakini gia boksi yake ya CVT inataka oili yake maalum, na nimeshaona zimekufa kwasababu fundi alimimina haidroliki, yani oili ya gia boksi, ya kawaida. Na ukifungua boneti ukakuta kwenye kava la enjini kumeandikwa D-4, kwa bajeti hii funga mshukuru muuzaji ondoka. Ule mfumo wa kupuliza petroli kwa presha kubwa moja kwa moja ndani ya silinda ukisumbua unakula hela, na mafundi wanaoujua kweli ni wa kutafuta.

Kuagiza Japan watu wananiuliza pia. Ingia kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, uone mwenyewe. Gari ikizidi miaka 8 tangu itengenezwe kuna kodi ya uchakavu inaongezeka, ikizidi 10 inaongezeka tena, kwahiyo ile bei tamu uliyoiona mtandaoni ya gari ya 2005 ikifika bandarini inakuwa kitu kingine. Ndo maana kwa hela hii tunaongelea gari ya mkononi.

Haya, ukaguzi. Hapa ndo naomba usiwe na haraka.

Nenda asubuhi, na jana yake muombe muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Ukifika kabla hata ya kusifia rangi weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto kuna mtu kashaiamsha, na gari iliyokwisha kupashwa inaficha mengi, milio ya asubuhi, moshi wa kwanza, kuwaka kwa kusitasita, vyote vinakuwa vimeondoka. Mwambie utarudi kesho. Ikiwa ya baridi, geuza swichi mpaka ON bila kupiga stati alafu tazama dashibodi. Taa ya enjini, ya oili, ya ABS, ya eabegi, zote zinatakiwa ziwake kwanza, ya ABS na ya eabegi huwa zinazima zenyewe baada ya sekunde chache, ya enjini na ya oili zinazima ukishapiga stati. Taa ambayo haijawaka kabisa ndo ya kuiogopa, kuna watu wanachomoa balbu au wanabandika kitu kwa nyuma ili usijue ina tatizo, na hii nimeiona kwa macho kwenye Vitz moja safi sana kwa nje, taa ya eabegi ilikuwa haipo, tukafungua usukani tukakuta eabegi yenyewe haipo.

Ikiwa bado ya baridi fungua mfuniko wa rejeta. Unataka kulanti yenye rangi yake, kijani au pinki. Ukikuta maji ya kutu, huyo bwana alikuwa anajaza bomba. Fungua na mfuniko wa oili ugeuze uangalie chini yake, ukikuta uji mweupe mzito kama maziwa ya mtindi maji na oili vimekutana, na hapo inaweza kuwa gasketi au mabaya zaidi. Chomoa dipstiki ya gia boksi unuse. Haidroliki nzima ni nyekundu nyekundu, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua gia boksi inaelekea kwao. Washa, kanyaga breki, peleka D, peleka R, isubirie, ikichelewa kushika au ikipiga kishindo umeshapata jibu.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake, zinarudishwa. Angalia raba ya pedeli ya breki. Gari inayosema 80,000 alafu raba imelika mpaka imekuwa laini inang'aa, usukani umechubuka pale juu, siti ya nyuma imebonyea kuliko hata ya abiria wa mbele, hiyo ilikuwa teksi ya mtandao na imezunguka mji mchana na usiku. Sio kwamba haifai, ila bei yake iwe ya teksi. Ingiza vidole kwenye reli za siti, chini kabisa, na nyanyua kapeti upande wa abiria. Tope kavu au kutu kwenye reli maana yake gari iliingia maji, na Dar mvua zikikolea unajua mwenyewe Jangwani panavyofurika.

Alafu iendeshe, na uiendeshe kwenye foleni na AC imewashwa maana ndo maisha itakayoishi. Mshale wa temperecha ukipanda zaidi ya nusu rudisha. Tafuta uwazi, kata usukani mpaka mwisho kulia, zunguka taratibu, kisha kushoto, ukisikia kata-kata-kata ni CV joint, ile jointi ya ekseli inayozungusha tairi. Matairi yana tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, kashata, yani meno ya tairi, zinaweza kuwa nzuri na tairi likawa zee.

Fundi awe wako, umlipe wewe, na umlipe vizuri hata akikwambia usinunue, hasa akikwambia usinunue. Fundi aliyeitwa na dalali anakula kwa dalali. Na aje na mashine ya kupimia kompyuta ya gari.

Makaratasi nayapitia haraka ila ndo yanayoliza watu. Ile kadi orijino ya gari uishike mkononi kabla ya hela kutoka. "Kadi iko nyumbani ntakuletea", au kopi kwenye simu, hapana, kadi nyingi zimelala kwenye ofisi za mikopo kama dhamana na wewe utanunua gari yenye mwenyewe. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, chesesi namba iliyogongwa kwenye bodi ifanane na ya kwenye kadi, na deni la trafiki liangaliwe kwa namba ya gari, kila kosa ni 30,000 na yakirundikana ni mshahara wa mtu. Mkataba kwa mwanasheria, kisha mnaenda kubadilisha jina TRA mapema, usikae na gari ya jina la mtu.

Mdogo wangu mwisho alichukua Vitz ya 1300 namba C, ya mama mmoja mwalimu aliyekuwa anaandika kila sevisi kwenye kidaftari ndani ya dashibodi, tarehe na kilomita. Hatukumaliza hela yote, milioni moja tuliiacha pembeni makusudi. Wiki ya kwanza tukamwaga oili na filta, haidroliki ya gia boksi, plagi, filta ya hewa, tukaosha throto, tukabadilisha bushi za mbele na stabilaiza linki, na jioni moja akaenda kuchora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa zote, maana Vitz ukiilaza nje Dar bila hivyo asubuhi unaikuta haina masikio.