Nguo za moto na mbichi

Mama mkwe wangu alifika Minnesota mwanzoni mwa Januari 2019 akitokea Tanga, na masanduku mawili. Moja la nguo zake. La pili lilijaa kanga kuukuu za kumlalia mtoto, mchaichai, tangawizi kavu na kitambaa kirefu cha kumfunga mzazi tumbo. Mjukuu alizaliwa baada ya siku chache, na tangu hapo nyumba ikawa chini yake. Asubuhi sufuria kubwa ya maji ya kumkanda mzazi, jioni nyingine. Taulo, shuka, kanga, na nepi za kitambaa, kwa sababu zile za kutupa alizikubali usiku tu. Mchana mtoto apumue. Mashine ya kufulia haikupumzika.

Draya, ile mashine ya kukaushia nguo, ndiyo iliyotuangusha. Laiti ingezima kabisa, tungejua moja. Iliunguruma kama kawaida, pipa linazunguka, joto lipo. Saa nzima ikipita unafungua mlango unakuta nepi zimepata moto, zinatoa mvuke, na bado ni mbichi. Kioo cha mlango kwa ndani kimejaa matone. Ukuta wa nyuma ya mashine rangi ilianza kuvimba, na dirisha la kile chumba lilifanya barafu kwa ndani, ukanda mweupe pale chini kioo kinapokutana na mbao. Kichujio cha nyuzinyuzi nilikuwa nakisafisha kila mzigo. Mke wangu akaniambia niache kukikwangua, nimwite fundi.

Fundi aliyekuja alikaa muda mfupi. Alifungua mgongo wa mashine, akabadilisha kidhibiti joto, akafunga. Akiwa anatoka akaiona ile sufuria jikoni inatokota, akaniambia kwa Kiingereza kwamba tunachemsha maji mengi mno, mvuke wetu ndio unaolowesha nyumba.

"Amesemaje?" mama mkwe akauliza.

"Amesema mashine imechoka, mama."

Ningemwambia nini? Eti mgeni amesema usimkande mwanao? Na jinsi mvuke wa jikoni ungeweza kupenya hadi ndani ya nepi zilizofungiwa kwenye pipa, hakueleza. Bili aliiacha mezani. Mzigo uliofuata ukatoka mbichi vilevile.

Kulikuwa pia na jambo la heshima, ambalo wenye wakwe watalielewa. Mama hakutaka nguo zake zipite mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nashinda kwenye chumba cha kufulia nikipekua yaliyokauka na yasiyokauka. Kwa hiyo zake alizifua kwa mkono bafuni na kuzianika humohumo. Siku moja nafasi ilipokwisha alitoka barazani na kanga moja, akaitundika kwenye ukingo. Alipoifuata, iliganda ikakakamaa, akaingia nayo ameishika kwa pembe mbili, imesimama yenyewe, maandishi yote yanasomeka. Akaiegemeza ukutani. Tulicheka hadi mtoto akaamka.

Tarehe 30 Januari baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, posta ikasitisha kupeleka barua, na kazini kwangu wakatuambia tubaki majumbani. Siku hiyo ndiyo niliyosikia bomba la nyuma ya draya likigugumia mashine inapozunguka, kisha nikaona maji yanatambaa sakafuni.

Mama mkwe akaja akasimama mlangoni, mtoto begani.

"Hewa ya hii mashine inatokea wapi, Baba Zuhura?"

"Juu, mama. Inapanda darini, inatokea kwenye paa."

"Na huko darini kuna joto?"

"Hakuna."

Akanyamaza kidogo. "Sisi masika jua likitoka, liwe kali namna gani, kama upepo hakuna nguo inashinda kambani na jioni unaianua mbichi. Nguo haikaushwi na moto peke yake. Huo upepo unaoingia humo, una hakika unatoka?"

Sikuwa na hakika. Nikachomoa waya wa umeme, nikaisogeza mashine, nikalegeza mkanda wa bomba. Maji yakanimwagikia miguuni, ya kijivu, baridi kali, yamebeba mabonge ya nyuzinyuzi. Niliweka beseni, likaendelea kuchuruzika. Maji yote yale yalikuwa yametoka kwenye nguo zetu, yamepanda, yamerudi.

Nikampigia jamaa mmoja wa Bukavu tunayeswali naye, ambaye kazi yake ni mabomba ya hewa na mitambo ya kupasha nyumba joto. Akasema nisiiwashe mpaka aje. Baridi ilipolegea akaja na ngazi na tochi, akamsalimia mama kwa adabu zote, akapanda darini. Nikamfuata hadi kwenye tundu la dari, nikatoa kichwa tu.

Bomba lilikuwa la ile foili inayokunjika, linapanda ukutani, kisha linalala juu ya mbao za dari kwa kona tatu kabla ya kufika kwenye paa. Kati ya mbao mbili lilikuwa limeshuka tumbo. Alipoligonga kwa kidole lilitoa sauti ya kitu kigumu: barafu. Na kule mwisho, kwenye kofia ya paa, mtu aliweka wavu wa kuzuia ndege. Wavu ulizibwa na nyuzinyuzi zilizoganda, tundu limebaki la kupitisha kidole.

"Mashine haiko na shida," akasema. "Maji iko inarudi."

Akanieleza akiwa amechutama palepale. Mzigo mmoja wa nguo ukitoka kwenye mashine ya kufulia unaweza kuwa bado umebeba lita mbili za maji au zaidi. Draya haiyateketezi; inayageuza mvuke na kuusukuma nje kwa feni. Dari za huku huachwa baridi makusudi, pamba ya kuzuia joto hutandazwa chini ili joto libaki vyumbani. Hewa ya moto yenye maji ikipita kwenye foili nyembamba katika baridi ile, mvuke unageuka maji kabla haujafika nje. Maji yanalala kwenye tumbo la bomba, usiku yanaganda. Mzigo unaofuata unayayeyusha kidogo, yanateremka ukutani kuingia kwenye mashine. Na kadiri njia inavyozidi kuwa nyembamba ndivyo hewa inavyozidi kwenda polepole, na inayokwenda polepole inapoa zaidi. Hapo pipa linabaki linazungusha nguo ndani ya mvuke wake lenyewe.

Kuhusu urefu alikuwa mkali. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani huruhusu futi 35 za bomba kama mtengenezaji wa mashine hakusema vingine, na kila kona kali ya nyuzi 90 unapunguza futi tano. Alihesabu kona zetu kwa vidole, akatikisa kichwa.

Usiku huo nikiwa nimempakata Zuhura nilisoma ripoti ya idara ya zima moto ya Marekani: kati ya 2008 na 2010, draya za majumbani zilisababisha wastani wa moto 2,900 kila mwaka, sababu kubwa ikiwa kutosafishwa, na mwezi unaoongoza ni Januari. Nikaenda kuhakikisha waya wa umeme bado umechomolewa.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi moja. Aling'oa foili yote. Akaweka bomba la bati laini la inchi nne, fupi, likipita ukutani moja kwa moja badala ya kwenda kwenye paa, limeinama kidogo kuelekea nje ili tone lolote litakalobaki liangukie kwenye theluji. Maungio aliyafunga kwa utepe wa bati, hakutia skrubu hata moja, kwa kuwa ncha zake kwa ndani hunasa nyuzinyuzi. Sehemu ya baridi akaivika pamba ya nyuzi za kioo. Nje akaweka kibati kinachofunguka upepo ukitoka na kujifunga ukikoma. Wavu hakuna.

Mama hakukubali maneno. Alivaa koti langu, akatoka kwenye theluji na makubazi juu ya soksi, akaweka kiganja mbele ya kibati.

"Washa!"

Nikawasha.

"Ehee. Huu sasa ni upepo. Leta nepi."

Yule wa Bukavu aliagana nasi baada ya chai na maandazi, lakini kwanza aliniomba kile kidhibiti joto cha zamani, ambacho fundi wa kwanza alikiacha juu ya rafu. Akakipima kwa mita yake pale mezani, akakipasha moto kidogo, akakipima tena. Kizima. Nilimpigia fundi wa kwanza kudai pesa yangu. Akasema kifaa kikishafungwa hakirudishwi, kisha akauliza kama bado tunachemsha maji.