Acheni Neuschwanstein, njooni Thüringen

Kila ndugu akija kunitembelea huku Ujerumani ombi lake ni moja, apelekwe Neuschwanstein, ile ngome nyeupe ya Bayern ya kwenye kalenda, akapange foleni na nusu ya dunia ili apate selfi. Mi nawaambia tulieni kwanza, mnajua mko wapi? Naishi Jena, mkoa wa Thüringen, katikati kabisa ya nchi, upande uliokuwa wa mashariki enzi za DDR, ile Ujerumani Mashariki ya kikomunisti. Mkoa wenyewe mdogo lakini kasri zilivyojaa ni balaa, unashuka treni kwenye kimji kina supamaketi mbili na duka la mikate, unainua macho, juu ya kilima kuna kasri utadhani imejengwa kwa ajili ya nchi nzima.

Na kwa kweli ilijengwa kwa ajili ya nchi nzima, ila hiyo nchi ilikuwa saizi ya wilaya.

Hapo ndo utamu ulipo. Sehemu nyingi za Ulaya mtoto wa kwanza wa kiume alibeba ufalme wote, wadogo zake wakatafute maisha. Watawala wa huku, ule ukoo wa Wettin, kwa muda mrefu waligawana. Mzee akifa watoto wa kiume wanakatiana ardhi, kama kihamba kule kwetu Moshi, babu alikuwa na shamba la maana, wajukuu kila mtu ana migomba yake minne na kesi ya mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Tofauti ni kwamba huku kila aliyepata kipande chake aliona aibu kutawala bila kasri. Ernst wa Gotha, waliyemwita Mcha Mungu, alifariki 1675 akaacha watoto wa kiume saba, mwaka 1680 wakagawana: Gotha, Coburg, Meiningen, Römhild, Eisenberg, Hildburghausen, Saalfeld. Saba! Koo zingine zikifa bila mrithi vipande vinaunganishwa, vinagawanywa upya, ugomvi, harusi, kesi, ikaenda hivyo mpaka mapinduzi ya 1918 yalipowafagia wote, na mwaka 1920 ndo ukazaliwa mkoa mmoja wa Thüringen, Coburg wao wakapiga kura wakahamia Bayern.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, anza Gotha kwa huyo mzee Ernst mwenyewe. Kasri yake inaitwa Friedenstein, ilijengwa kuanzia 1643 hadi 1654, yaani alianza kujenga Vita ya Miaka Thelathini bado haijaisha, watu wanakufa na njaa na tauni, yeye anapandisha kuta. Juu ya lango kubwa kuna mchongo wa wanawake wawili wanabusiana, Amani na Haki. Kwa nje kasri ni pana na nyeupe na haina mbwembwe, ukipita haraka utadhani ofisi za serikali. Ingia ndani.

Kwenye mnara mmoja kuna ukumbi wa maigizo, Ekhof-Theater, wa miaka ya 1680, na mitambo yake ya mbao ya kubadilisha jukwaa bado inafanya kazi. Chini ya jukwaa kuna magogo marefu ya kuzungushwa, kamba zimezungukia huko zinapanda juu mpaka darini, na watu wakisukuma kwa pamoja ile mandhari yote ya kushoto na kulia inateleza, msitu unaingia ukutani, chumba cha mfalme kinatoka, sekunde chache tu na pazia halijashushwa. Hakuna umeme hapo, ni misuli na kamba, ufundi wa mabaharia kabisa. Kila kiangazi wanafanya tamasha humo na mitambo inatumika kweli, kwa hiyo kama unaweza kuchagua tarehe njoo wakati huo.

Hiyohiyo Friedenstein, Desemba 1979, wezi walipanda ukutani usiku wakaondoka na picha tano za wachoraji wakubwa wa zamani, mmoja wao Frans Hals. DDR nzima ilitafuta, wapi. Zimekuja kupatikana 2019, miaka 40 baadaye, na sasa zimerudi ukutani. Mi nilisimama mbele yake nawaza tu zilikuwa zimeninginia sebuleni kwa nani miaka yote hiyo.

Na kabla hujatoka Gotha, jua kwamba mji huu una deni na sisi. Hapa ndo ilikuwepo kampuni ya ramani ya Justus Perthes, na mwaka 1856 jarida lao la jiografia lilitoa ramani iliyochorwa na wamisionari wa kule Rabai karibu na Mombasa, Erhardt na Rebmann, kutokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara, Erhardt alikaa Tanga akiwahoji. Kila mtu aliwaambia ukienda bara utakuta ziwa, basi wao wakaunganisha Nyasa, Tanganyika na lile la Wasukuma likawa ziwa moja refu limelala kama konokono asiye na gamba. Wazungu wakabishana weee, na mwaka uliofuata wavumbuzi wa Kiingereza, Burton na Speke, wakaondoka pwani kwenda kuangalia. Hazina yote ya ramani za Perthes imehifadhiwa mjini hapohapo.

Wartburg, ngome ya mji wa Eisenach, sina haja ya kuieleza sana maana ndo maarufu, ipo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1999. Ukilelewa KKKT, kanisa la Kilutheri la kwetu Tanzania, kama mimi lazima ufike. Martin Luther mwenyewe alifichwa hapo kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, kafuga ndevu, anajiita Junker Jörg, yaani bwana mdogo Jörg, na ndani ya wiki kama kumi na moja akatafsiri Agano Jipya lote kwa Kijerumani. Chumba ni mbao tupu na ni kidogo, meza iliyopo siyo aliyotumia, ile ya kwanza mahujaji waliimaliza kwa kuchonga vipande vya kupeleka nyumbani (walokole wa zamani nao!), na sakafuni kuna pingili ya mgongo wa nyangumi, eti ya kuwekea miguu. Sehemu kubwa ya mapambo mengine unayoona ni ukarabati wa karne ya 19, mfalme Ludwig wa Bayern alikuja 1867 akaupenda ukumbi wa waimbaji akaenda kuchukua wazo kwa ajili ya Neuschwanstein yake. Kwa hiyo mnaopanga foleni kule mnaangalia kopi. Kupanda kutoka stesheni ni mlima kwelikweli, vaa raba.

Ila mimi moyo wangu uko Rudolstadt. Kutoka stesheni ya Jena Paradies treni inafuata mto Saale, hata saa halijaisha umefika, kasri ya Heidecksburg ipo juu ya kichwa chako. Hawa walikuwa ukoo mwingine, Schwarzburg, na mtawala wao Günther Victor ni mmoja wa wale wa mwisho Ujerumani kuachia kiti Novemba 1918. Moto ulikula sehemu kubwa ya kasri 1735, wakajenga upya kwa mtindo wa rokoko, ule wa madoido mengi ya kujipinda, ukumbi mkubwa una dari iliyochorwa mawingu na miungu mpaka shingo inauma.

Mjini chini aliwahi kuishi Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, mjane wa Mjerumani tayari, watoto watatu, hela za mawazo, anaitwa Emily Ruete. Alizaliwa 1844 kasri ya Mtoni, hamamu, bustani, bahari mlangoni. Hapa amepanga nyumba na kila asubuhi akifungua dirisha anaona kasri ya watu wengine ambao nchi yao yote ingeingia Unguja ikabaki nafasi. Mtoto wa Sultani anaionaje Heidecksburg? Mi nadhani alicheka kidogo. Alifariki Jena, 1924.

Humohumo Heidecksburg kuna kitu wageni wengi wanakipita. Marafiki wawili wa enzi za DDR walibuni falme mbili za uongo, Pelarien na Dyonien, kila mmoja na ya kwake, wakazijengea kasri za kipimo cha 1:50, na fanicha, mawigi, wajakazi, wapishi, wadogo kama kidole gumba, miaka na miaka wanatengeneza kwa mkono. Hata kwenye mchezo, Thüringen, falme lazima ziwe mbili. Nenda na mtu mwenye subira maana mi hutoka humo nikifukuzwa wakati wa kufunga.

Usafiri ni Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, treni zote hizi za mikoani inakubali. Jumatatu usiende, nyingi zinafungwa. Soseji ya Thüringen kwenye mkate na haradali inauzwa kila stesheni, ni nguruwe, ambao hamli beba chapati zenu. Na ukibakiwa na nusu siku shuka Dornburg, kasri tatu zimepangana juu ya jabali, bustani ya waridi, mshairi Goethe alijificha hapo 1828 akiwa na msiba wa bosi wake, mtawala wa Weimar, na kutoka stesheni ya mtoni kwenda juu ni kupanda tena, siwadanganyi.